Milioni 18, kurasa 96, siku 14: nianzie wapi?

Swali la msomaji wa Tanga: "Shikamoo dada. Nina miaka 27. Nimeandika filamu ndefu ya kurasa 96 kuhusu fundi cherehani wa Ngamiani ambaye mdogo wake amepotea baharini. Nimedunduliza shilingi milioni 18, nyingine nimechangiwa na ndugu. Nataka kuanza kupiga mwezi wa nne, kwa siku 14. Marafiki wananishauri ninunue kwanza kamera ya milioni 7, maana itabaki mali yangu. Nimesoma pia kwamba filamu ya El Mariachi ya mwongozaji Robert Rodriguez ilitengenezwa kwa dola 7,000, kwa hiyo naamini inawezekana. Nijiandae vipi? Muswada nimeuambatisha."

Marahaba, mdogo wangu.

Muswada wako nimeusoma mara mbili: mara ya kwanza kwa raha tu, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu na kalenda mezani. Hadithi ipo. Dada anayeendelea kushona kanzu ya Idi ya mdogo wake ilhali mtaa mzima umeshamsomea kijana hitima, huyo ni mhusika wa kukaa moyoni. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu, na mengine hutayapenda.

Kamera usinunue. Milioni 7 kati ya 18 ni zaidi ya theluthi ya mtaji wako, na ukishaitoa utabaki na kamera mkononi na watu ambao huwezi kuwalisha. Kodi kamera pamoja na mpiga picha aliyeizoea, lenzi zake na taa chache. Mtu anayekijua chombo chake cha kawaida atakupa picha nzuri kuliko mgeni aliyeshika chombo cha bei mbaya. Katika filamu ya fedha kidogo kinachokwisha kabla ya vyote ni siku, na fedha yako ni ya kununulia siku. Kila uamuzi wa maandalizi upime kwa swali moja: huu unaniongezea muda wa kukaa na waigizaji mbele ya kamera, au unaula?

Hata huyo Rodriguez, ukiifuata habari yake vizuri, ndivyo alivyofanya. Aliandika hadithi akiangalia alichokuwa nacho tayari: mji wa Ciudad Acuña huko Meksiko, alikoishi rafiki yake Carlos Gallardo, ambaye ndiye aliyeigiza nafasi kuu na kusaidia utayarishaji, basi, baa, shamba la mifugo, hata kobe. Kamera ilikuwa ya kuazima. Halafu kuna nusu ya pili ambayo watu hawaisimulii. Filamu ilipochukuliwa na Columbia, studio kubwa ya Hollywood, kampuni hiyo ilitumia fedha nyingi zaidi ya hizo 7,000, mara kadhaa, kuisafisha sauti na kuiandaa kwa majumba ya sinema. Kwa hiyo leo hii, kabla hujalipa mtu yeyote, weka pembeni milioni 2 na nusu za uhariri, sauti, muziki na tafsiri ya maandishi ya chini. Mpe shangazi yako azishike. Nimeona filamu nyingi zilizopigwa vizuri zikafia kwenye diski kwa sababu fedha ya uhariri iliishia kwenye mafuta ya gari.

Sasa kalenda. Kurasa 96 kwa siku 14 ni karibu kurasa 7 kwa siku. Ni mwendo mkali, ila unawezekana. Kinachokuua ni lokesheni 23. Ukiwa na sehemu 23 na siku 14, hata ukipanga kwa ustadi wote utahama katikati ya siku si chini ya mara 9. Kuhama ni kufungasha taa, kukunja nyaya, kupakia, kwenda, kushusha, kutafuta umeme, kupanga taa upya na kumngoja mtu mmoja aliyebaki nyuma kununua vocha. Mimi hupiga hesabu ya saa 2 kwa kila kuhama, na sijawahi kurudishiwa chenji. Hizo ni saa 18, siku mbili nzima za kazi zimepotelea barabarani.

Nilikaa na orodha yako nikaona filamu hii ina sehemu 7 tu za kweli. Nyumba ya shangazi yako Ngamiani, ambayo umeniambia ataitoa bure, ina ua, baraza, chumba cha mbele na vyumba viwili vya ndani: hapo ni nyumbani kwa dada, kwa jirani, na ukipaka ukuta mmoja rangi ya buluu nusu na kuweka kitanda cha chuma, ni zahanati pia. Kibanda cha cherehani. Mtaa wenyewe. Ufukwe. Soko la samaki. Ofisi moja. Ndani ya daladala. Stendi ya Dar iondoe kabisa. Mazungumzo yale yana uzito zaidi dada akiyapokea kwa simu, maana tutamwona uso wake peke yake. Safari ya kwenda Amani, kule milimani, ni nzuri kwenye karatasi, lakini ni siku nzima ya mlima na matope kwa ukurasa mmoja na robo. Ukifanya hivyo muswada utashuka hadi kama kurasa 84. Ongeza siku mbili ziwe 16, na utakuwa na kurasa 5 na robo kwa siku. Hapo mwigizaji anaweza kurudia mara ya nne bila mtu kutazama saa.

Katika kuupasua muswada, ugawe kila ukurasa sehemu nane, na kila sini, yaani tukio moja la mahali pamoja na wakati mmoja, uipe kipimo chake: nane tatu, ukurasa mmoja na nane mbili, na kadhalika. Andika kila sini kwenye kadi: ndani au nje, mchana au usiku, nani yumo, nguo gani, kifaa gani. Kisha zitandaze sakafuni na uzipange kwa lokesheni, usizipange kwa mtiririko wa hadithi. Kazi hii ifanye kwa mikono yako, usimwachie mtu, kwa sababu ndipo utakapogundua kwamba urefu hausemi ugumu. Ukurasa wa 12 una mstari mmoja: "Jahazi linapinduka usiku." Ni nane moja ya ukurasa. Mstari huo unataka jahazi, nahodha, boti ya uokoaji, majaketi ya kuelea, taa juu ya maji, na usiku mbili kama bahari itakubali. Huna fedha ya mstari huo, na muhimu zaidi, huna haki ya kuwaweka watu baharini usiku bila waokoaji wenye ujuzi. Piga picha ya wanawake wanaosubiri ufukweni alfajiri. Piga ubao mmoja uliosukumwa na maji. Mpe mtu wa sauti kazi ya upepo na makelele ya mbali. Mtazamaji wa Pwani anajua jahazi likipinduka kunakuwaje, hahitaji kuonyeshwa.

Mwezi wa nne umeuchagua kwa nini? Hiyo ni masika. Mvua ikigonga bati hakuna maiki itakayokuokoa, na vichochoro vya Ngamiani unavijua kuliko mimi. Sogeza hadi nusu ya pili ya Juni uingie Julai. Mvua zinakuwa zimepungua, na sehemu kubwa ya siku hizo mtoto wako wa miaka 9 kwenye hadithi atakuwa likizo, hutamtoa darasani. Ubaya wake ni kusi: miezi hiyo upepo unavuma kweli, kwa hiyo ufukweni kila maiki ivalishwe koti la manyoya, na kanga zifungwe vizuri zisipige maiki za kifuani.

Jua la kwetu ni la kupangia ratiba. Mchana wa Tanga ni kama saa 12 mwaka mzima, na machweo ni mafupi. Ule mwanga mtamu wa jioni unaowaona wenzetu wa nchi za kaskazini wakiupiga kwa saa nzima, sisi tunao kwa nusu saa hivi. Usipange sini ya kurasa 3 kwenye machweo. Kuanzia saa 5 hadi saa 9 jua liko juu, macho ya waigizaji yanakuwa na vivuli vyeusi chini ya nyusi, hivyo muda huo ingia ndani. Asubuhi nje, mchana ndani, jioni nje: siku ipange hivyo kila inapowezekana.

Na bahari ina ratiba yake. Hili nilijifunza Bagamoyo kwa gharama. Nilikuwa msaidizi wa mwongozaji, ratiba niliiandika mwenyewe. Sini ya watu wawili ufukweni: asubuhi tulimpiga picha mmoja, maji yako magotini, baada ya chakula tukamgeukia wa pili, bahari imeshakwenda zake, nyuma yake kuna mchanga mtupu na ngalawa zimelala ubavu. Watu wawili wanazungumza, mmoja yuko baharini na mwingine yuko jangwani. Tulirudi siku nyingine, na siku hiyo ililipwa kwa fedha ya muziki. Tangu hapo sipangi ufukwe bila kukaa na wavuvi. Waulize bamvua ni lini na maji mafu ni lini. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Wakati wa maji mafu mabadiliko ni madogo na ufukwe unabaki na sura moja kwa muda mrefu. Kila siku maji yanachelewa kwa karibu dakika 50, kwa hiyo ratiba ya Jumatatu si ya Alhamisi. Sini zako za ufukweni zote ziweke kwenye maji mafu, isipokuwa ile ya ubao. Hiyo ingoje bamvua, maji yakiwa yanajaa.

Kuhusu sauti sitakuwa na haraka, maana hapa ndipo filamu zetu nyingi zinapopoteza watu. Mtazamaji atasamehe picha yenye giza. Asiposikia maneno, anaondoka. Kodi mtu wa sauti mwenye vifaa vyake, mlipe sawa na mpiga picha wako, na mpeleke kwa shangazi wiki tatu kabla. Kaeni uani na hedifoni, saa zilezile mtakazopiga, msikilize. Andika: saa 1 asubuhi bodaboda wanapeleka watoto shule au madrasa, saa 4 fundi vyuma wa nyuma anaanza kusaga, bati likishika jua linalia lenyewe, jogoo wa jirani hana saa. Fundi vyuma nenda umsalimie, mkubaliane siku ambazo atasaga mchana, na umlipe kifuta jasho. Adhana usijaribu kushindana nayo wala kuiibia dakika. Chakula cha mchana kiwe adhuhuri: wanaoswali wataswali kwa utulivu, wengine watakula, na wewe hujapoteza kitu. Friji na feni zizimwe wakati wa kurekodi, na mtu mmoja awe na jukumu la kuliwasha friji la shangazi jioni, asije akakuta samaki wameharibika na nyumba ukanyimwa.

Una tatizo moja la pekee: cherehani. Mhusika wako anashona katika sini 19 na katika nyingi anazungumza. Cherehani cha miguu kinameza sauti ya mtu aliyekaa karibu nacho. Unapopiga picha ya uso wake, vua mkanda: miguu itaendelea kukanyaga, mabega yatacheza kama kawaida, lakini gurudumu litanyamaza. Kisha mashine irekodiwe peke yake, mwendo wa pole, mwendo wa kasi, kusimama ghafla, na mhariri ataiweka anapotaka. Kila chumba mkimaliza, wote mnyamaze mahali mlipo, rekodini nusu dakika ya ukimya wa chumba hicho. Sini ikiwa imeharibika kwa kelele na hakuna muda wa kurudia picha, usisubiri studio: mkalishe mwigizaji palepale, dakika ileile, aseme maneno yake mbele ya maiki akiwa bado na pumzi ya sini. Rodriguez alifanya hivyo kwa filamu yake yote kwa sababu kamera aliyoazima ilikuwa na kelele.

Ya kamera ni mafupi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo piga kwa picha 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, vinginevyo baadhi ya taa za nyumbani na za madukani zitachezacheza kwenye picha. Kamera ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 45. Filamu ya dakika 90, ukipiga mara 8 ya urefu wake, ni saa 12, yaani gigabaiti 540. Nunua diski mbili za terabaiti moja, zilale nyumba tofauti, na kadi isifutwe mpaka mtu amefungua nakala zote mbili na kuona zinacheza.

Vibali anza miezi miwili kabla. Bodi ya Filamu, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, itataka maombi na muswada. Na filamu ikiisha inarudi kwao kukaguliwa na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa. Ukishapata kibali, nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ukiwa na nakala mkononi. Kibali cha Dar bila salamu za mtaa ni karatasi tu: atatokea mtu mmoja atasimama katikati ya sini kuuliza mnafanya nini, na atakuwa na haki ya kuuliza. Bandari ina mamlaka yake, usipige hata kwa simu bila ruhusa yao. Droni vilevile ina vibali vyake yenyewe, kuanzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa filamu hii siioni kazi yake. Yule askari wa ukurasa wa 40 mvalishe kiraia. Sare za polisi zinataka ruhusa maalumu, na afisa aliyevaa shati la kawaida akimwuliza dada maswali kwa upole anatisha zaidi.

Kila mtu asaini, hata binamu yako. Karatasi moja ya Kiswahili rahisi inatosha: kazi gani, siku ngapi, kiasi gani, kinalipwa lini, na kwamba picha na sauti yake ni za filamu hii popote itakapoonyeshwa. Siku filamu itakapopata mnunuzi, awe televisheni au wa mtandaoni, jambo la kwanza atakalouliza ni haki. Kwa mtoto saini ni ya mzazi, mzazi awepo kila siku anapofanya kazi, na sini zake zipigwe asubuhi. Mimi hulipa nusu siku ya kwanza na nusu siku ya mwisho ya mtu husika. Ile ahadi ya "filamu ikiuzwa tutaangaliana" imevunja undugu mwingi, naomba usiitumie.

Chakula pia ni heshima. Watu 15, siku 16, shilingi 12,000 kwa kila mtu kwa chai, mchana, maji na kitu cha jioni: ni 2,880,000. Usipunguze. Tafuta mama mmoja wa mtaani apike palepale, wali wa nazi leo, ugali na samaki kesho, na chai ya saa 10 isikose. Kikosi kilichokula kitakupa sini ya mwisho saa 12 jioni bila kununa. Na milioni 1.8, yaani asilimia 10, iwe ya dharura. Itatumika, sijapata kuona isitumike.

Mazoezi ndiyo kitu pekee cha bei nafuu ulicho nacho, kwa hiyo yafanye mengi. Wiki tatu, jioni, palepale kwa shangazi. Mama atakayeigiza dada aende kukaa na fundi wa kweli mpaka aweze kutia uzi kwenye sindano bila kutazama. Piga mazoezi kwa simu, uone nani anasimama wapi. Hapo utajua sini ipi inahitaji pembe mbili za kamera na ipi moja inatosha. Kisha chukua sini moja, ile ya jirani kuja kudai deni, ipige kamili na mpiga picha na mtu wa sauti, uihariri, uisikilize kwenye televisheni ya mtu mwingine. Kasoro zitakazojitokeza hapo zitakugharimu siku moja. Ukizikuta baada ya siku 16 zitakugharimu filamu.

Siku ya kwanza usianze na kilio. Watu bado hawajuani. Anza na sini ya 31: dada anafungua kibanda, anafuta vumbi, anakaa, anatia uzi, anaanza kushona. Hakuna neno hata moja. Mtajifunza mwendo wa kila mmoja, mtamaliza saa 9 au 10, na watu watarudi nyumbani wakiamini kwamba jambo hili linawezekana. Sini ya kanzu, pale anapomaliza upindo wa mwisho na hana wa kumpa, iweke siku ya 10, wakati mwigizaji ameshakizoea chumba kile kama chake. Siku ya mwisho usiiweke, maana ikishindikana huna pa kuisogezea. Ianze asubuhi, mlango umefungwa, ndani wabaki watu 5 tu, na usipange kitu kingine chochote mpaka adhuhuri.